Wana wa Waliohajiri

Mwezi wa Mei mwaka 2009 vijana watatu waliotoka Ulaya kwa njia ya Amsterdam waliteremka katika Kiwanja cha Ndege cha Julius Nyerere, Dar es Salaam, wakasema kwamba wamekuja kutazama wanyama wa mbugani kama wajavyo maelfu ya wageni wengine kila mwaka; lakini kabla hawajauona mji walizuiwa, wakalazwa mahabusu usiku mmoja, kisha wakarudishwa Uholanzi, kwa kuwa wakuu wa usalama wa Uingereza waliwashuku kwamba mwisho wa safari yao haukuwa mbuga za Tanzania bali vita vya Somalia. Mmoja wao aliitwa Mohammed Emwazi. Siku ile jina hilo halikuwa na maana kwa mtu yeyote wa Temeke au Kinondoni, wala kwa watu wa London kwenyewe. Lakini ilipofika Agosti 2014 ulimwengu mzima ulimwona katika jangwa la Shamu, uso kaufunika kwa kitambaa cheusi, kisu mkononi, mateka amepiga magoti mbele yake, na sauti itokayo nyuma ya kitambaa kile ilikuwa sauti ya kijana aliyekulia mitaa ya London. Aliuawa Raqqa tarehe 12 Novemba 2015 kwa kombora la ndege isiyo na rubani.

Asikiaye mkasa huu aghalabu hutafuta sababu yake katika ufukara, na asipoiona huko huitafuta katika ujinga. Hapa hapakuwa na hiki wala kile. Emwazi alizaliwa Kuwait mwaka 1988 katika aila ya watu ambao dola ya huko haikuwakubali kuwa raia. Wazazi wake wakahajiri Uingereza mwaka 1994, yeye akiwa na umri wa miaka sita. Akasoma shule za magharibi ya London pamoja na watoto wa kila taifa, akaandika katika kitabu cha kumbukumbu za shule kwamba hamu yake ni kuwa mchezaji wa mpira, akawa mshabiki wa Manchester United kama walivyo vijana wengi wa Magomeni, na mwaka uleule aliozuiwa Dar es Salaam akahitimu shahada ya mifumo ya kompyuta na biashara katika Chuo Kikuu cha Westminster. Mwenye kumtazama kwa mbali angeapa kwamba safari ya wazazi wake imekwisha salama, na kwamba mtoto huyu ni mwenyeji kamili wa mahali alipolelewa.

Wala si yeye tu aliyefika kwenye pwani yetu. Mwezi wa Novemba 2010 polisi wa Kenya walimkamata Kizingitini, katika kisiwa cha Pate, kijana wa Kiingereza aitwaye Michael Adebolajo pamoja na wenziwe, wakiwa wanatafuta njia ya kuvuka kwenda Somalia. Akafikishwa mahakamani Mombasa, akarejeshwa kwao, na tarehe 22 Mei 2013, mchana wa jua, katika barabara ya Woolwich, London, yeye na mwenzake walimgonga kwa gari askari Lee Rigby, wakamuua kwa visu mbele ya wapita njia. Wazazi wa Adebolajo walikuwa Wakristo kutoka Nigeria. Mwana alizaliwa London, akasilimu ukubwani. Kabla ya hapo, tarehe 29 Oktoba 2008, Shirwa Ahmed, aliyepelekwa Marekani utotoni na kusoma sekondari Minneapolis, alijilipua kwa gari katika mji wa Bosaso, Somalia, na vijana wapatao ishirini wa Minneapolis waliiacha miji ya theluji waliyolelewa humo wakaenda kupigana katika nchi ambayo wengine wao walikuwa hawaikumbuki.

Ni dhahiri, basi, kwamba tunaloshughulika nalo si jambo la ugenini tunaloweza kulisoma kwa utulivu wa mtu asiyehusika. Pate ni ardhi ya Waswahili. Mahabusu aliyolala Emwazi ilikuwa ya Dar es Salaam. Na miji yetu wenyewe, kama nitakavyojaribu kuonyesha, imejaa wana na wajukuu wa waliohajiri.

Mtu mwenye kuhama, awe amehama kwa hiari ya kutafuta riziki au kwa kulikimbia balaa, hana haja ya kuuliza yeye ni nani, kwa sababu alikotoka anakukumbuka na alikofika anakuhesabu kuwa mahali pa kuchuma. Dharau ya wenyeji ikimfika huistahimili, kwa kuwa hakuja kutafuta taadhima yao bali chakula cha wanawe, na dhiki ya leo huipima kwa dhiki iliyo kuu zaidi aliyoiacha nyuma. Mwanawe hana mizani hiyo. Yeye amezaliwa au amelelewa papo hapo, lugha ya papo hapo ndiyo anayoiota, sheria za papo hapo ndizo alizofundishwa kuwa zinamlinda sawasawa na wengine, na kwa hiyo siku anapotazamwa kama ajinabi, au anaponyimwa kazi kwa jina lake, jeraha lake huwa zito kuliko la baba, kwa kuwa baba alidharauliwa na wageni ilhali yeye amedharauliwa na watu aliowadhania kuwa wenziwe. Akirudi nyumbani kuuliza, hukuta baba aliyenyamaza. Baba huyu amefanya kazi ya kuchanganyika kwa uaminifu mkubwa: ameacha lugha yake ili mtoto asichekwe, ameacha hadithi za kwao ili mtoto asitamani kurudi, na dini yake ameipunguza mpaka ikawa ni sikukuu mbili na mazishi. Ameyafanya hayo kwa mapenzi. Lakini mtoto hukuta kwamba nasaba yake imefutwa kabla hajaisoma, na kwamba daftari jipya aliloahidiwa kuandikwa jina lake halimtaki.

Hapo ndipo anapotokea mtu wa tatu. Huyu haji na upanga wala fedha. Huja na jawabu. Humwambia kijana kwamba uchungu anaousikia si wake peke yake, kwamba ni uchungu wa umma mmoja ulioenea kutoka Bosnia hata Palestina na Somalia, kwamba baba yake alikuwa dhaifu na wenyeji ni adui, na kwamba yeye, aliyekuwa hana kwao, sasa ana kwao kukubwa kuliko dola yoyote. Ni jawabu la uongo. Walakini limekuja mahali ambapo jawabu la kweli halikuletwa.

Mwanazuoni wa Kifaransa Olivier Roy, katika kitabu chake cha mwaka 2016, aliwachungua watu waliofanya au kukusudia mashambulio nchini Ufaransa tangu katikati ya miaka ya 1990, akaona kwamba takriban asilimia 60 walikuwa wana wa wahamiaji, wengine wengi walikuwa waliosilimu ukubwani, na wahamiaji wenyewe pamoja na wajukuu wao walikuwa wachache. Kwa maoni yake vijana hao hawakurithi ukali wa dini kwa wazazi wao; walikuwa waasi kwanza, kisha wakaivaa dini kuwa sare ya uasi wao. Mfaransa mwenzake, Gilles Kepel, alimpinga vikali, akasema kwamba Roy amedharau nguvu ya mafundisho yenyewe na ya walimu wayaenezao. Mimi naona Roy amelieleza vizuri zaidi tumbo la jambo, na Kepel amelieleza vizuri zaidi kisu. Mtu akitaka kujua jinsi kijana alivyopotea hana budi kujua yote mawili, ukiwa uliomfanya asikilize, na maneno aliyoyasikiliza. Naye Marc Sageman, tabibu wa maradhi ya akili aliyewahi kuitumikia idara ya ujasusi ya Marekani, alipokusanya habari za watu 172 wa mkondo wa Al-Qaida katika kitabu chake cha mwaka 2004, alikuta kwamba zaidi ya nusu yao waliingia kwa mlango wa urafiki: walikuwa marafiki kwanza, wakila pamoja na kusali pamoja, hata mmoja alipokwenda wengine wakaona haya kubaki.

Habari hizi ni za Ulaya na Arabuni. Za Afrika zilikusanywa na Shirika la Umoja wa Mataifa la Maendeleo katika taarifa iliyotolewa mwaka 2017, baada ya kuhojiwa mamia ya watu waliopata kuwa ndani ya makundi kama Al-Shabaab na Boko Haram. Na humo mna mambo mawili ambayo ningependa kila diwani, kila imamu na kila mkuu wa kituo cha polisi ayajue. La kwanza ni kwamba asilimia 71 ya waliojiunga kwa hiari walisema kilichowasukuma mwishoni ni kitendo cha serikali, kama vile kuuawa au kukamatwa kwa jamaa au rafiki. La pili ni kwamba waliosoma elimu ya dini kwa muda wa miaka sita au zaidi walielekea kujiunga kwa uchache kuliko wasioisoma. Chuo cha Kurani chenye mwalimu mwenye ilimu, kilichokaa katika mtaa mmoja kwa miaka mingi na kujulikana na wazazi, ni ngome; anayetekwa upesi ni yule ambaye dini aliikuta akiwa na miaka ishirini, kwa vipande, kutoka kwenye simu.

Sasa na turudi kwetu. Tarehe 7 Agosti 1998, saa nne na nusu za asubuhi zilipokuwa zimepita kidogo, gari lililojaa baruti lililipuka mbele ya ubalozi wa Marekani katika Barabara ya Laibon, upande wa Kinondoni, wakati uleule ambapo lingine lililipuka Nairobi. Nairobi waliuawa watu zaidi ya 200. Dar es Salaam waliuawa 11 na kujeruhiwa 85, na katika waliokufa hapa hapakuwa na Mmarekani hata mmoja. Miongoni mwa waliohukumiwa kwa mauaji yale alikuwa Khalfan Khamis Mohamed, Mzanzibari aliyefiwa na baba angali mtoto, akaacha skuli, akavuka bahari kuja Dar es Salaam kumsaidia ndugu yake dukani. Katika mji huu, ambamo lugha ilikuwa yake, dini ilikuwa ya nusu ya majirani na nchi kwa kauli ya katiba ilikuwa yake pia, aliishi baina ya duka na msikiti kama mtu asiye na mahali, mpaka aliposikia habari za Waislamu waliochinjwa Bosnia. Akasafiri hadi Afghanistan mwaka 1994 kujifunza vita, akitaraji kupelekwa Bosnia, na hakupelekwa. Walimwambia arudi kwao angoje kuitwa. Akarudi, akangoja, walipomwita akapanga nyumba Ilala, na ndani ya nyumba ile lile bomu likatayarishwa. Alikamatwa Cape Town mwaka 1999, akahukumiwa New York mwaka 2001 kifungo cha maisha.

Hakuwa mtoto wa mhamiaji kwa maana ile ya Emwazi, kwani Unguja na Dar es Salaam ni nchi moja. Lakini namtia katika sura hii kwa makusudi, kwa sababu safari fupi ya baharini yaweza kumng'oa mtu kama safari ya nchi kavu ya maelfu ya maili, na kwa sababu mji wetu huu mkubwa umejengwa na watu waliong'oka hivyo. Mwaka 1948 Dar es Salaam ilikuwa na watu wapatao 69,000. Sensa ya mwaka 2022 iliwahesabu zaidi ya milioni 5.3, na Temeke peke yake ilikuwa na zaidi ya milioni 1.3. Watu hawa hawakuota mchangani. Walitoka Newala, Kilwa, Kigoma, Pemba, Songea na Ngazija, wakajenga Mbagala, Tandika, Yombo Vituka na Tandale, na wana wao waliozaliwa humo wakiulizwa kwenu wapi hutaja Newala ambayo hawajaiona, na wakienda Newala huulizwa tena swali lilelile.

Yafaa hapa kukumbuka kwamba mji huu ulipata kuwa na dawa ya jambo hili, na dawa yenyewe ilikuwa kazi ya wana wa wageni. Mwaka 1889 Mjerumani Wissmann, alipotaka kuzima vita vya pwani vilivyoongozwa na Abushiri, alileta askari kutoka Msumbiji waliojulikana hapa kwa jina la Wazulu, na mmojawapo aliitwa Sykes Mbuwane. Fikiri nasaba hii ilikuwa na mwanzo gani: babu aliletwa kwa meli na mkoloni apate kuwapiga wenyeji. Mwanawe, Kleist Sykes, aliyezaliwa mwaka 1894, alipigana katika jeshi la Wajerumani katika Vita Kuu ya kwanza, akaajiriwa katika utawala wa Waingereza, na angeweza kukaa kimya na mshahara wake. Badala yake akawa miongoni mwa walioasisi African Association mwaka 1929, kisha Al-Jamiatul Islamiyya fi Tanganyika mwaka 1933. Mjukuu, Abdulwahid, akapelekwa Burma na jeshi la Kiingereza katika vita ya pili, akarudi amevaa nishani za mfalme ambaye hakumhesabu kuwa mtu sawa naye. Kama pana kijana aliyekuwa na haki ya kukasirika, ni huyu: amechanganyika, amesoma, ameitumikia dola kwa damu, na dola imemwonyesha mlango wa nyuma.

Akaenda bandarini. Makuli wa Dar es Salaam walikuwa wamegoma mwaka 1947, na mwaka uliofuata Abdulwahid akawa katibu wa chama chao. Tarehe 17 Aprili 1953, katika ukumbi wa Arnautoglo, Mnazi Mmoja, wanachama wa TAA, chama kilichotokana na ile African Association, walimchagua Julius Nyerere, mwalimu Mkatoliki kutoka Butiama, kuwa rais wao mbele ya Abdulwahid, Mwislamu mwenye mji. Na mshindwa hakutoka kwa hasira kwenda kuunda kundi lake, bali alikuwa miongoni mwa walioasisi TANU tarehe 7 Julai 1954. Ghadhabu yake ilikuwa kali na lengo lake lilikuwa kuiondoa serikali iliyokuwapo. Kwa maana hiyo alikuwa mwenye siasa kali wa zama zake, na maofisa wa Kiingereza walimtazama hivyo. Tofauti yake na Emwazi haikuwa katika ukubwa wa uchungu. Ilikuwa katika jambo hili, kwamba mji wa Dar es Salaam ulikuwa umejaa majumba ya kuutumia uchungu ule: chama, jumuiya, ngoma za beni zenye makapteni na makatibu wake, klabu za mpira kama Yanga ya mwaka 1935 na Sunderland ya mwaka 1936 iliyokuja kuitwa Simba, vyama vya watu wa wilaya moja vilivyozika maiti na kumpokea mgeni, na utani wa makabila uliomruhusu Mnyamwezi kumtukana Mzaramo msibani bila ya kuvunja udugu. Kijana hakuweza kupotea kwa muda mrefu bila ya mtu kuuliza yu wapi.

Mengi ya majumba hayo tuliyafunga wenyewe, na mengine kwa nia njema. Vyama vya kikabila vilionekana kuwa hatari kwa umoja wa taifa. Jumuiya ya Waislamu wa Afrika Mashariki ilipigwa marufuku mwaka 1968 na baraza la Waislamu la BAKWATA likaundwa mwaka uleule. Chama kimoja kikachukua nafasi ya vingi. Kisha mji ukakua kwa kasi iliyozidi kila mpango. Baba wa Mbagala hutoka alfajiri kugombea daladala, hurudi usiku watoto wamelala, na mwanawe, ambaye hana kazi ya kumtoa wala baraza ya kumketisha, huzungumza usiku kucha na watu asiowaona. Tarehe 25 Agosti 2021 Hamza Mohamed aliwaua askari polisi watatu na mlinzi mmoja, karibu na ubalozi wa Ufaransa katika wilaya ya Kinondoni, kabla ya kuuawa yeye; na polisi, walipotangaza matokeo ya uchunguzi wao wiki iliyofuata, walisema kwamba alikuwa amejifunza ugaidi kwa njia ya mitandao.

Nchi ina haki ya kujilinda na watu wa namna hii, na mwandishi wa kurasa hizi hana neno la kuwatetea. Ila twapaswa kuwa hadhari na silaha tunayoitumia. Chini ya Sheria ya Kuzuia Ugaidi ya mwaka 2002 masheikh wa jumuiya ya Uamsho kutoka Zanzibar walikaa rumande kwa miaka mingi, mashitaka yao yakafutwa Juni 2021 bila ya hukumu. Na anayekumbuka ile asilimia 71 hawezi kulihesabu jambo hilo kuwa dogo, kwani kila mwaka wa mahabusu isiyo na hukumu humpa mshawishi hadithi asiyohitaji kuibuni. Emwazi mwenyewe, aliporudishwa kutoka Dar es Salaam, alilalamika mara kwa mara kwamba maofisa wa usalama wanamwandama na kumzuia asirudi Kuwait alikopata kazi. Malalamiko yake hayaondoi hata chembe ya dhambi yake. Lakini vijana wengine wenye malalamiko kama yake wako, na hawajachinja mtu, na ni hao tunaowawania.

Kuna mahali Tanzania ilifanya kinyume cha kushuku na kufunga, ikafaulu, na ajabu ni kwamba hatujisifu. Warundi waliokimbia mauaji ya mwaka 1972 walipewa ardhi Katumba, Mishamo na Ulyankulu, wakalima, wakazaa, na kuanzia mwaka 2014 watu wapatao 162,000, wao pamoja na wana wao waliozaliwa hapa, walianza kukabidhiwa hati za uraia. Walikuwa na kila sababu ya kuchukia ambayo wanachuoni huiorodhesha: walifukuzwa, walichinjiwa jamaa, walikaa ukimbizini kizazi kizima. Makazi yale hayakuwa chimbuko la vita dhidi ya Tanzania. Walikuwa na shamba, kanisa, shule na, mwishowe, karatasi yenye jina lao.

Kijana wa Yombo Vituka au Tandale anayo karatasi hiyo tangu kuzaliwa, na kwa sheria, atimizapo miaka 21, aweza kugombea ujumbe wa serikali ya mtaa wake. Ila kamati ya mtaa imejaa wazee, kamati ya msikiti vivyo hivyo, na anapoingia mkutanoni huulizwa ametumwa na nani. Katika mitaa ambayo maimamu na wenyeviti wameanza kuwapa vijana nafasi ya katibu na mhazini, wakawaachia wabishane mbele yao juu ya Palestina, juu ya polisi na juu ya ajira bila ya kuwaripoti, kazi hiyo hufanyika bila ya fungu lolote la serikali, kwa uvumilivu wa wazee waliokubali kukaa kitako baada ya sala ya isha na kusikiliza maneno wasiyoyapenda.